Hewa Ukaa: Nani Amepunguza, Nani Anadaiwa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mkutano wa tabianchi ukikaribia, mabishano yaleyale hurudi. Huyu anasema Wazungu ndio walioharibu, yule anasema Wachina ndio wanaoharibu sasa, na wa tatu anauliza sisi tunahusikaje. Kila mmoja huja na takwimu zake, na mara nyingi takwimu zenyewe ni za kweli. Tatizo ni kwamba kila mtu amekuja na kipimo chake. Majibu haya ni ya mtu anayetaka kujua kipimo kipi kinajibu swali lipi.

Nchi gani inatoa hewa ukaa nyingi kuliko zote?

China, tena kwa mbali. Dunia nzima hutoa takriban tani bilioni 37 za hewa ukaa (kaboni dioksidi) kwa mwaka kutokana na makaa ya mawe, mafuta, gesi na saruji. China peke yake hutoa kama bilioni 12, karibu theluthi moja. Marekani inafuata kwa kiasi cha bilioni 5, India kama bilioni 3, na nchi 27 za Umoja wa Ulaya zikijumlishwa ni takriban bilioni 2.5.

Hesabu hii inajibu swali moja vizuri: pakatwe wapi ili dunia ione tofauti? China isiposhuka, hakuna kitakachotosha, hata Afrika yote ikizima kila taa. Lakini haijibu swali la nani ana kosa. Watu wengi huyachanganya maswali haya mawili, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Kwa nini isijibu? Anayetoa nyingi si ndiye mkosaji?

Chukua nyumba mbili za mtaa mmoja. Ya kwanza wanakaa watu kumi na wanne, wanamaliza magunia mawili ya mkaa kwa mwezi. Ya pili wanakaa mtu na mkewe tu, wanamaliza gunia moja. Ukihesabu magunia, nyumba ya kwanza ndiyo yenye fujo. Ukihesabu vichwa, kule gunia moja linalisha watu saba, huku linalisha wawili.

China ina watu bilioni 1.4. Ukigawa, kila mtu anapata kama tani 8 kwa mwaka. Mmarekani anapata zaidi ya 14, Mzungu wa Umoja wa Ulaya chini ya 6, Mhindi kama 2. Mkenya hafikishi hata nusu tani, Mtanzania yuko chini ya hapo, na Mkongo wa Kinshasa au Lubumbashi hafikishi sehemu ya kumi ya tani. Hapa nazungumzia hewa ukaa ya mafuta, makaa ya mawe, gesi na saruji tu. Habari ya misitu nitaifikia.

Wastani nao unaficha mambo. Qatar ni zaidi ya tani 35 kwa kila mtu, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Lakini anayehesabiwa ni kila mkazi, akiwemo mlinzi kutoka Kakamega na dada wa kazi kutoka Kampala ambaye hana gari wala bwawa la kuogelea. Kwenye karatasi naye anabebeshwa tani zake 35. Kwa hiyo ukisikia wastani wa nchi, jiulize ndani ya nchi hiyo nani hasa anachoma.

Hewa ukaa na gesi joto ni kitu kimoja?

Hewa ukaa ni mojawapo ya gesi joto, ndiyo kubwa na ndiyo inayodumu. Zipo nyingine, hasa methani, itokayo kwenye mifugo, mashamba ya mpunga, madampo na visima vya mafuta na gesi. Tani moja ya methani hupasha joto kama mara 28 ya tani ya hewa ukaa ikipimwa kwa miaka 100. Nchi ya wafugaji ikipimwa kwa hewa ukaa tu huonekana safi kuliko ilivyo, kwa hiyo hakikisha unalinganisha kitu na chenziwe.

Kwa nini tuhesabu moshi wa tangu mababu? Si mambo yamepita?

Hayajapita, na hili ndilo swali ninalotaka lieleweke kuliko yote. Hewa ukaa ikipanda angani haishuki mwaka unaofuata. Sehemu yake kubwa hukaa karne kwa karne. Kabla ya viwanda, kila chembe milioni za hewa zilikuwa na kama 280 za hewa ukaa. Leo zimepita 420. Joto linalotusumbua sasa halikuletwa na moshi wa mwaka jana peke yake, limeletwa na rundo zima.

Ukihesabu rundo tangu mwaka 1750, sura inageuka. Marekani ina karibu robo ya hewa ukaa yote. Nchi za Umoja wa Ulaya zina kama asilimia 17. China, pamoja na ukubwa wake wa leo, ina kama asilimia 15. Uingereza peke yake, kisiwa kile, ina zaidi ya asilimia 4. Bara zima la Afrika, kuanzia Cairo hadi Cape Town, lina kama asilimia 3, na sehemu kubwa ya hizo ni ya Afrika Kusini na nchi za kaskazini.

Wapo wanaojibu kwamba wazee wao hawakujua. Ni hoja inayostahili kusikilizwa: mwenye kiwanda wa Manchester mwaka 1850 hakujua. Lakini zaidi ya nusu ya rundo lote limetolewa tangu mwaka 1990, na mwaka huohuo jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti yake ya kwanza. Udhuru wa kutojua unafunika chini ya nusu. Kwa haki niseme pia kwamba tarehe hiyo inaibana China, maana sehemu kubwa ya hewa yake imetoka katika miaka hii ya kujua.

Msimamo wangu ni huu: tukigawana wajibu na gharama, historia na idadi ya watu vitangulie. Tukitafuta pa kukata kesho asubuhi, jumla ya mwaka itangulie. Anayetumia hesabu ya pili kujibu swali la kwanza anakwepa deni. Anayetumia ya kwanza kujibu ya pili anaiacha mitambo mikubwa ya makaa iendelee kuwaka.

Nchi moja inasema imepunguza asilimia 50, nyingine 20. Si nilinganishe tu?

Usilinganishe kabla ya kuuliza: tangu lini? Kila nchi ina mwaka wa msingi, yaani mwaka inaoanzia kuhesabu, na kwa kawaida huchagua ule unaoipendeza.

Umoja wa Ulaya unatumia 1990. Ni mwaka mzuri kwa Ujerumani, kwa sababu ndio mwaka Ujerumani mbili zilipoungana, na viwanda vikuukuu vya mashariki vilivyokula makaa ya mawe vikafungwa muda mfupi baadaye. Sehemu ya punguzo la Ujerumani ilipatikana hivyo, kabla sera yoyote ya tabianchi haijafanya kazi.

Urusi nayo inatumia 1990, na kwake ni zawadi tupu. Muungano wa Kisovieti ulivunjika 1991, viwanda vikaanguka, moshi ukaanguka navyo. Ikaahidi kwamba ifikapo 2030 haitazidi asilimia 70 ya kiwango cha 1990, misitu ikihesabiwa. Ilikuwa tayari chini ya hapo siku ilipoahidi.

Marekani ilichagua 2005, mwaka ambao moshi wake ulikuwa karibu na kilele. Ukipima kutoka hapo, imeshuka vizuri, hasa kwa sababu gesi ya miambani ilikuwa rahisi kuliko makaa ya mawe. Ukipima kutoka 1990 kama Wazungu, imeshuka asilimia chache tu. Japani ilichagua 2013, wakati vinu vyake vya nyuklia vilikuwa vimezimwa baada ya ajali ya Fukushima ya 2011, na nchi ilikuwa ikichoma gesi na makaa kwa wingi usio wa kawaida.

Hakuna aliyedanganya hapo. Lakini ukiziweka asilimia hizo kwenye jedwali moja bila kutaja miaka, wewe ndiye utakayekuwa umedanganya.

Uingereza kweli imepunguza nusu?

Kweli, na inastahili sifa kabla ya lawama. Gesi joto zinazotoka ndani ya mipaka yake zimeshuka kwa nusu tangu 1990. Mtambo wa kwanza wa umma wa umeme wa makaa ya mawe ulifunguliwa London, Holborn Viaduct, mwaka 1882. Wa mwisho nchini humo, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Nchi iliyoanzisha mambo ya makaa imeyaacha, na iliyaacha haraka: mwaka 2012 makaa yalikuwa bado yanatoa karibu asilimia 40 ya umeme wake.

Ilifikaje? Mwaka 2008 bunge lilipitisha sheria inayoilazimu serikali kuweka bajeti za kaboni, yaani vikomo vya moshi, za miaka mitano mitano, na kuunda kamati huru ya kuisimamia. Waziri akichelewa, kamati inasema hadharani na kwa maandishi. Kisha mwaka 2013 ukawekwa ushuru wa ziada kwenye kaboni ya mitambo ya umeme, makaa yakawa ghali, na upepo wa baharini ukachukua nafasi pamoja na gesi. Sheria yenye tarehe, msimamizi aliye huru, na bei inayouma: hayo matatu nchi yoyote inaweza kuyaiga, kubwa au ndogo.

Sasa lawama. Hesabu hiyo haina ndege wala meli za safari za kimataifa, maana hizo haziingizwi kwenye jumla ya nchi yoyote. Haina pia bidhaa zinazotoka nje. Serikali ya Uingereza yenyewe hutoa takwimu zinazojumlisha bidhaa hizo, na hapo kiwango huwa kikubwa zaidi na punguzo dogo zaidi.

Shati likishonwa China likavaliwa Paris, moshi ni wa nani?

Kwa kanuni za sasa ni wa China. Anayechoma ndiye anayeandikiwa. Kuna hesabu nyingine inayomwandikia anayetumia, na kwa hesabu hiyo China hushuka kidogo na nchi za Ulaya hupanda. Lakini usiizidishe: sehemu kubwa ya moshi wa China ni kwa ajili ya Wachina wenyewe, barabara zao, majengo yao na umeme wao.

Kanuni hii ina matokeo yanayoshangaza. Norwe imefika mahali ambapo karibu magari 9 kati ya 10 mapya yaliyouzwa mwaka 2024 yalikuwa ya umeme. Wakati huohuo ni muuzaji mkubwa wa mafuta na gesi, na mafuta hayo yakichomwa kwingine yanaandikwa kwingine. Uganda nayo itaingia kwenye kanuni ileile mafuta ya Hoima yakipita kwenye bomba la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga: moshi wa kuchimba na kusukuma utaandikwa kwetu, moshi wa kuyachoma utaandikwa kwa mnunuzi. Anayeilaumu Uganda na kuisifu Norwe inabidi aeleze kwa nini.

Angalia na magari ya mtumba. Japani ikiuza gari lenye miaka saba, petroli inayochomwa na gari hilo kwa miaka kumi na tano ijayo inaandikwa Kenya au Tanzania. Barabara ya Tokyo imekuwa safi, ya Mombasa imebeba. Sisemi tuyakatae kesho; wengi wetu ndiyo tunayoyamudu. Nasema hesabu ya Japani haionyeshi hilo.

Ulaya imeanza kutoza kaboni mpakani, kwa saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme. Majaribio yalianza Oktoba 2023 na malipo yanahusu bidhaa zinazoingia kuanzia Januari 2026. Nchi kama Msumbiji, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiuza alumini Ulaya, ndizo zilizo hatarini kuumia mapema, ingawa mchango wake katika rundo lile la kihistoria hauonekani kwa macho.

China inajenga mitambo ya makaa kila siku. Si inatuchezea?

Inafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Inachoma zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yote yanayochomwa duniani na bado inajenga mitambo mipya. Na mwaka 2024 pekee ilifunga mitambo ya jua yenye uwezo wa takriban megawati 277,000. Bwawa letu la Julius Nyerere pale Rufiji, tunalojivunia kwa haki, ni megawati 2,115. Yaani kwa uwezo wa mitambo China ilifunga mabwawa zaidi ya 130 ya aina hiyo kwa mwaka mmoja, ingawa umeme unaotoka haulingani hivyo, kwa sababu jua huzama na mawingu huja.

Ahadi yake ni kufika kilele kabla ya 2030 na kusawazisha, yaani kutotoa zaidi ya kinachofyonzwa, kabla ya 2060. Septemba 2025 ikaongeza kwamba ifikapo 2035 itashuka asilimia 7 hadi 10 kutoka kwenye kilele. Kwa nchi yenye theluthi ya moshi wa dunia, naona ni ndogo mno.

Kenya inaahidi asilimia 32, Tanzania 30 hadi 35. Mbona hatusifiwi kama Ulaya?

Kwa sababu si asilimia ya kitu kimoja. Ulaya inapunguza kutoka kiwango kilichokwishatokea. Kenya na Tanzania, katika ahadi zao za 2030, zinapunguza kutoka kiwango kinachotabiriwa kama hakuna hatua itakayochukuliwa. Kenya ilikadiria kwamba bila hatua ingefika tani milioni 143 za gesi joto mwaka 2030, na ikaahidi kukata asilimia 32 ya hizo. Zinabaki kama milioni 97. Moshi unaweza kuongezeka na ahadi ikatimia.

Sioni aibu katika hilo. Nchi ambayo watu wake wengi bado wanasubiri umeme haiwezi kuambiwa ishuke. Lakini tusijivike joho lisilo letu, wala tusikubali makadirio ya juu kupita kiasi yanayofanya ahadi iwe rahisi.

Kama mchango wetu ni mdogo hivyo, tujisumbue kwa nini?

Kwanza, si mdogo hivyo ukihesabu misitu. Miti ikikatwa na shamba likachomwa, hewa ukaa hutoka, na takwimu nyingi za mitandaoni haziihesabu. Kongo, ambayo kwa mafuta na makaa ya mawe karibu haionekani, inaonekana sana kwa ukataji wa misitu. Tanzania vilevile: magunia yanayoingia Dar es Salaam kwa malori na pikipiki yanatoka kwenye misitu ya Pwani, Morogoro na kwingineko.

Pili, sababu zetu ni zetu. Mama anayepikia kuni kwenye jiko lisilo na dirisha anaumwa kifua leo, hasubiri mwaka 2050. Lengo la Tanzania la kufikisha asilimia 80 ya watu kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034 lingekuwa na maana hata kama hewa ukaa isingekuwepo. Kenya ilianza kuvuna mvuke wa Olkaria mwaka 1981, kabla mkataba wowote wa tabianchi haujaandikwa, kwa sababu ilihitaji umeme usiotegemea mafuta ya nje wala mvua. Leo sehemu kubwa kabisa ya umeme wake ni jadidifu, na ni safi kuliko wa nchi nyingi zinazotupa mihadhara.

Ninachokataa ni kuambiwa tulipie nafasi iliyokwishajazwa na wengine.

Nani analipa, na amelipa kiasi gani?

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. Zilifikisha 2022, miaka miwili baadaye, kwa hesabu zao wenyewe. Sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Fikiria: mtu amekuvunjia ukuta, kisha anakukopesha pesa za tofali kwa riba na kuandika kwenye daftari lake kwamba amekusaidia. Dawa ya deni ni kulipa, na kumkopesha anayekudai si kulipa.

Kwenye mkutano wa Baku mwaka 2024 kiwango kikawekwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi zinazoendelea zilikuwa zikidai trilioni 1.3. Mfuko wa hasara na uharibifu, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, upo, lakini michango yake ni kidogo sana ukilinganisha na gharama ya mafuriko na ukame.

Nchi ikijitoa au ikivunja ahadi, inaadhibiwa?

Hapana. Marekani ilitia saini Mkataba wa Kyoto wa kupunguza gesi joto, lakini haikuridhia. Kanada iliridhia, kisha mwaka 2011 ikatangaza kujitoa. Marekani ilitoka kwenye Mkataba wa Paris mwaka 2020, ikarudi 2021, na Januari 2025 Rais Trump akasaini amri ya kutoka tena. Chini ya Mkataba wa Paris kila nchi hujiwekea lengo lake. Kinachodaiwa kisheria ni kuliwasilisha na kutoa taarifa, hakuna faini.

Mahakama ndizo zinazoanza kujaza pengo hilo. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililosukumwa na taifa la visiwa la Vanuatu, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na kwamba kuuvunja kunaweza kuleta dai la fidia. Maoni hayo hayamfungi mtu, lakini mawakili watayatumia kwa miaka mingi.

Kuna jingine lililo karibu nasi zaidi. Mei 2025 Umoja wa Wanasheria wa Afrika ulipeleka ombi la namna hiyo kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, pale Arusha. Ombi hilo haliishii kwa Washington na Beijing. Linauliza serikali za Afrika zenyewe zinawajibika vipi kwa raia wao: kwa mfugaji aliyepoteza ng'ombe kwa ukame, na kwa familia ya bondeni iliyosombwa na maji.